Saa ya Zamu

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi vumbi lake. Nilimfuata mke wangu kutoka Koboko hadi Arua bila yeye kujua, na neno la talaka lilikuwa tayari mdomoni.

Kazi yangu ya ujana ilikuwa kukagua malori. Niliamini kwamba chini ya kila turubai kuna kilichofichwa, na kazi ya mtu humfuata hadi chumbani. Mke wangu Zamu alikuwa na duka la vitenge, na kila Jumamosi alikwenda Arua kuchukua nguo. Zamani alirudi adhuhuri. Kisha akaanza kurudi alasiri. Nikaziweka dalili moyoni: mikono yanuka mafuta ya taa, chini ya ukucha kuna rangi ya buluu, na tena anaimba. Nilipomuuliza alisema, “Gari ilichelewa.” Nikamuuliza dereva. Gari haikuchelewa. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikamfuata. Alipita soko, akaingia ua wa mzee mmoja anayechora mabango ya maduka. Nilisubiri kidogo, kisha nikausukuma mlango wa mabati. Zamu alikuwa amepiga magoti mbele ya kipande cha mbao, brashi mkononi. Kando yake Mama Hawa, mke wa yule mzee, alikuwa akikata mboga.

“Yuko wapi yeye?” nikafoka.

“Nani?” akauliza Mama Hawa.

“Huyo mwanamume!”

Akanyoosha kisu kuelekea ile mbao. “Iko hapo. Lakini bado hana macho.”

Nikatazama. Ilikuwa picha ya mlango wa nyumba yetu, na mtu amekaa kitini. Kanzu ni yangu, tumbo ni langu. Uso mtupu.

“Kila nikiweka macho,” Zamu akasema bila kugeuka, “yananitazama kama mzigo wa lori.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia. Nilikuomba saa moja tu kwa wiki. Ukacheka, ukasema nguo zako za kupiga pasi zinaningoja.”

Ilikuwa kweli. Mimi mkaguzi niliyekumbuka kila mzigo, hilo nilikuwa nimelisahau.

Mama Hawa akaweka kisu chini. “Sikiza, wewe mutu ya malori. Ukinyima mutu saa yake mchana wazi, ataiba. Sasa wewe nakuja kukamata mwizi. Nani alifundisha yeye kuiba?”

Neno la talaka nilirudi nalo Koboko bila kulitamka. Majuto ni mjukuu, lakini mimi yalinijia mapema, namshukuru Mungu. Toka wiki ile, kila Alhamisi baada ya alasiri nilikaa dukani mimi, na Zamu akachora nyuma ya nyumba hadi magharibi. Sitakudanganya: wiki za mwanzo nilichungulia mara mbili.

Ile picha aliimaliza mwaka wa pili. Iko sebuleni mpaka leo. Macho ameyachora yamefumbwa. Yeye husema nilikuwa nimesinzia. Mimi nashuku alifanya makusudi.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayeipenda brashi kama Zamu. Ukiniambia kazi imekubana huna muda wa kuchora, nitakukagua kama lori, maana nimekuona na simu yako. Chagua saa yako, iwe ndogo, iwe moja, na uitangaze nyumbani kila mtu aijue. Haba na haba hujaza kibaba. Usiichukue kwa kificho, kwa kuwa furaha ya kificho hunuka kama kosa hata ikiwa halali. Na mwenzako akikuomba saa yake, usicheke. Mpe, kisha ushike pasi wewe.

Mungu akupe mikono yenye rangi na nyumba isiyo na mpelelezi. Na siku utakapochorwa, uchorwe macho wazi.