Mastura na Kaa wa Mwisho

Mastura binti Abdulrahmani hakujaliwa subira. Chungu kikichelewa kuchemka alikitukana, na kikiwahi alimtukana Zuhura, mke mwenzie. Lakini kwa kukamata kaa hakuwa na mpinzani pwani yote ya mlango wa Ruvuma. Miaka ile bandari mpya ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa, vibarua walikula kaa wake mpaka wakamjua kwa jina.

Kaa wa mikokoni hukamatwa kwa mkono. Unalala kifudifudi juu ya matope, unazamisha mkono tunduni mpaka begani, unampapasa. Akikubana, usivute. Mkono uulegeze kama wa maiti, naye atachoka, aachie. Ukivuta anakaza gando na kujikita ndani kama kabari.

Siku hiyo ilikuwa bamvua, bahari inapokupwa mbali na kujaa kwa kasi, na maji yalikwisha kuanza kurudi. Wenzake walipoondoka, Mastura alitaka kaa mmoja wa mwisho. Tamaa, wala simtetei. Kaa akambana vidole, na yeye aliyewafundisha wanawake wa kijiji kizima kutovuta, akavuta.

Zuhura alikuwa nyuma kidogo. Hawakuwa wamesemezana tangu mfungo, kisa kinu. Aliposikia yowe alirudi mbio.

"Nivute, mwanaharamu we!"

"Sikuvuti, dada. Legeza mkono."

"Maji hayo! Huyaoni?"

Aliyaona. Yalikuwa yanapita kati ya mizizi ya mikoko, yakifika kidevuni mwa Mastura, naye kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kuvuta. Zuhura akapiga magoti, akamkandamiza bega kuelekea tunduni kwa nguvu zake zote, asiweze kuvuta. Kwa mkono mwingine akamwinua kidevu.

Ng'ambo ya mkono wa bahari wanawake waligeuka. Wao waliona jambo moja tu.

"Jamani! Zuhura anamzamisha mwenzie!" alipiga kelele Asha, akatumbukia matopeni na fimbo yake.

Zuhura alisikia. Akiinuka sasa, atakuwa ameepukana na lawama. Mastura akifia mikononi mwake, nani atamwamini mke mwenza? Hakuinuka.

"Dada, nakuomba kwa jina la Mungu," alisema. "Mara moja tu maishani mwako, tulia."

Maji yakaingia mdomoni. Mastura akafumba macho, mkono ukalegea. Fimbo ya Asha ikatua mgongoni mwa Zuhura, ikatua tena, naye akaendelea kukandamiza. Ndipo kaa akaachia. Mastura akachomoka akikohoa, vidole vinachuruzika damu, hawezi hata kusema.

Habari zilimfikia mume wao, Muhidini, kabla wao hawajafika. Zuhura alipoingia uani, aliamriwa afungashe arudi kwao. Alifunga furushi akilia, akaliweka kizingitini. Uani kulijaa watu.

"Mastura," Muhidini aliuliza, "ni kweli huyu alikusukuma majini?"

Mastura alimtazama Zuhura, na mgongo wake uliovimba.

"Kweli," alisema.

Watu wakaguna.

"Alinisukuma. Ungekuwa wewe, mume wangu, kwa mapenzi yako ungenivuta, na saa hizi ungekuwa unatafuta sanda."

Akalibeba furushi kwa mkono wake mzima, akalirudisha chumbani kwa Zuhura. Huko ndani tukamsikia akimtukana kwa kulifunga vibaya.