Mbio za Neema na Pole Zetu za Minneapolis

Niliondoka Arusha kwa sababu ya mama. Mdogo wangu Neema anaendesha baiskeli za mashindano. Ndiyo kazi yake, analipwa, na mwaka huu timu moja ndogo ya Marekani ilimchukua kwa majaribio. Akimaliza hatua zote za mbio za huko Minnesota, anabaki nao msimu mzima. Akichelewa mno katika hatua yoyote, anatolewa mbioni na timu inaachana naye. Mama hayo hakuyajali. Alikuwa ameona kwenye simu picha ya Neema amechubuka bega zima. "Nenda ukamwone kwa macho yako," akaniambia. "Ukikuta anateseka, rudi naye." Na mimi nilikuwa upande wa mama. Sijaelewa hadi leo mtu mwenye akili zake anashukaje mlima kwa kasi ya gari akiwa amevaa nguo nyepesi kuliko khanga.

Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis nilipokewa na Mama Wambui, muuguzi Mkenya anayekaa New Hope, rafiki wa rafiki yangu. "Karibu sana, dada. Nimetoka night shift, lakini usijali, nita-drive tu," akasema. Nilijali sana. Nilimsemesha njia nzima asije akasinzia, na tulipofika kwake nilikuwa nimechoka kuliko nilipokuwa kwenye ndege. Binti yake Wambui alinikaribisha ugali na sukuma wiki, akajibu kila swali langu la Kiswahili kwa Kiingereza, tena kwa adabu.

Hatua ya kwanza ilikuwa Saint Paul, kandokando ya mto, kila mwendeshaji akiondoka peke yake kushindana na saa. Neema alipita kabla sijatoa simu mkobani. Jioni timu iliniruhusu kumsalimia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mashavu yameisha? Unakula?"

"Nakula kukushinda wewe."

Akanieleza kazi yake. Hatafuti ushindi, anawaletea wenzake maji, anawakinga upepo, kisha anajikokota hadi mwisho. Nikasema moyoni, huyu tumemsomesha miaka yote hiyo aje kuwa mbeba maji ya Wazungu. Sikulitamka.

Kesho yake mbio zilikuwa katikati ya Minneapolis, wakizunguka mitaa ileile tena na tena. Anayekaribia kupitwa na kundi zima anatolewa. Mama Wambui alikuja na nusu ya kanisa lake, pamoja na Papa Élie, Mkongo wa Columbia Heights mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Tulipanga mstari kwenye uzio, karibu kabisa na kocha wa Neema. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha kwenye kona mbele yetu baiskeli tatu ziligongana, na ya chini ilikuwa yake. Akainuka, goti linavuja damu, akapanda, akaondoka.

Mtu wa kwetu anafanya nini hapo? Alipozunguka tukampa pole. "Pole! Pole!" Kanisa zima likapokea, sauti ya kwanza hadi ya nne: "Pole! Pole! Pole!" Kila akipita, tukazidisha. Na kila tukizidisha, yeye anazidi kubaki nyuma.

"Mom, she's slowing down," Wambui akasema.

"Ameumia, mtoto. Mpe pole," mama yake akamjibu.

Alimaliza karibu na mkiani, akiponea chupuchupu kutolewa. Nilipomfikia, goti limefungwa bandeji, alikuwa amekasirika kama sijawahi kumwona.

"Dada, kwa nini kocha amewatuma mniambie nipunguze mwendo?"

"Nani kakwambia upunguze?"

"Nyie. Polepole, polepole, kila nikipita."

Nilishika kichwa. "Neema, tulikuwa tunakupa pole. Umeanguka!"

Alinitazama, akatazama lile kanisa lote, akaanza kucheka mpaka akashika goti kwa maumivu. Mimi sikucheka. Ilibaki kidogo tu tumfukuzishe kazi kwa kumhurumia, na huruma yenyewe ilikuwa yangu kuliko ya mtu yeyote.

Asubuhi ya hatua ya mwisho, tukiwa njiani kwenda Stillwater, mji mdogo wenye mlima uliosimama wima katikati ya nyumba, Mama Wambui alitoa amri ndani ya gari. "Hakuna mtu kusema ile kitu. Tutasema kaza. Tu-practise." Papa Élie akapinga kidogo: "Siye tunasemaka courage." Tukamruhusu.

Saa tano hivi kundi liliupanda ule mlima mara ya kwanza, likarudi, likaupanda tena. Kila mara Neema alikuwa nyuma zaidi, mdomo wazi, goti limeanza kuvuja upya. Nyuma yake lilikuja gari la kuwaokota walioshindwa, taratibu, halina haraka naye. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Ningelisema, angepunguza, angeingia kwenye lile gari, na mimi ningerudi naye nyumbani kama nilivyotumwa. Nililiona hilo waziwazi, na nikaona aibu.

"Kaza!" nikapiga kelele. "Neema, kaza!"

Akasimama juu ya pedali. Papa Élie akanguruma courage yake, kanisa likaitikia kaza, na lile gari likabaki chini. Alivuka mstari wa mwisho akiwa miongoni mwa wa mwisho kabisa, ndani ya muda. Kocha alimpa mkono akamwambia wiki ijayo wana safari nyingine. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mke wa mchungaji, nikidhani ni Mama Wambui.

Nimerudi Arusha nimejifunza kwamba kuna kumpenda mtu kunakomrudisha nyuma, na anayependa hivyo hujiona mwema. Mama alinisubiri mlangoni, akatazama nyuma yangu, hakuona mtu.

"Anateseka?" akauliza.

"Anateseka, mama."

"Na hakutaka kurudi?"

"Hakutaka. Na mimi sikumwomba."

Akachukua sanduku langu. "Ingia ndani unieleze huo mlima," akasema.