Filimbi Iliyomzidi Chebet

Ipo siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau, mwanangu. Umenionyesha kwenye simu picha ya filimbi unayotaka kununuliwa, ile ndefu ya chuma ya kulazwa kando ya mdomo, ukaniuliza kama ni nzuri. Sitakujibu haraka. Jimiminie chai, keti, nikueleze kwanza habari za dada yangu Chebet.

Sisi tulizaliwa Roret. Baba alikuwa na shamba la chai na ng'ombe wawili wa maziwa, na Mama aliimba kwaya ya kanisa. Mama alifariki tukiwa bado shule ya msingi. Baba hakuoa tena. Alizoea kula akiwa amesimama, kofia kichwani, kana kwamba anaondoka sasa hivi.

Chebet alinitangulia kuzaliwa, lakini alikuwa mdogo wa mwili, na vidole vyake vilikuwa vifupi na vyembamba. Shuleni walikuwa na filimbi za plastiki za kufundishia watoto. Akapewa moja, na kabla muhula haujaisha alikuwa anapiga nyimbo zote za Mama bila kufundishwa na mtu. Tukipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia, alikuwa akipiga tukingoja zamu. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakinyamaza, na wengine walijifuta macho, kwa sababu walimjua mwenye nyimbo hizo.

Baba aliyaona hayo. Akasema siku ya ibada ya kumkumbuka Mama, Chebet atapiga mbele ya kanisa lote, na atapiga filimbi ya kweli, si ya plastiki. Bonasi ya chai ilipotoka akatuvalisha nguo za Jumapili, akatupeleka mjini Kericho.

Huko kulikuwa na mzee mmoja Mkisii, Mzee Nyakundi, aliyewahi kupiga katika bendi ujanani. Alikuwa na duka dogo la kuuza na kutengeneza ala za muziki. Hakumuuliza Baba ana pesa kiasi gani. Alimuuliza Chebet amepiga muda gani na anapiga nini. Kisha akachomoa kichwa cha filimbi moja, kichwa peke yake, akampa apulize jinsi mtu anavyopuliza juu ya mdomo wa chupa. Mara ya kwanza tu sauti ikatoka, safi, na nzito kuliko mwili wake. Mzee Nyakundi akacheka kwa furaha.

Akashusha filimbi moja kutoka rafuni. Haikung'aa sana. Vifuniko vyake, vile ambavyo vidole hubonyeza kufunga matundu, vilikuwa vimezibwa kabisa, kwa hiyo hata kidole kikikaa vibaya kidogo, tundu linafungika. Kile cha kidole cha pete kilikuwa kimesogezwa upande, ili mkono mdogo ukifikie. Mkia wake, kile kipande cha mwisho, ulikuwa mfupi, hivyo haikulemea upande mmoja. Akasema mtoto akianza na hiyo, mkono na pumzi vitakua pamoja, na siku atakapoona filimbi yenyewe ndiyo inayomzuia, arudi achukue nyingine.

Lakini macho ya Baba yalikuwa kwenye kabati la kioo. Mle ndani kulikuwa na filimbi ya fedha, ndefu kuliko zile nyingine, vifuniko vyake vina matundu katikati ambayo ni lazima vidole viyazibe. Akaitaka hiyo.

"Mzee, hiyo ni ya mtu mwenye amepiga miaka mingi," Mzee Nyakundi alimwambia. "Huyu mtoto atafika hapo. Lakini leo bado."

Baba akavua kofia, na nilikuwa sijawahi kumwona akivua kofia dukani.

"Mama yao hakuwa mtu wa vitu vya kuanzia," akasema.

Yule mzee akajaribu njia nyingine, akasema basi aweke viziba vidogo vya mpira kwenye yale matundu, viondolewe mtoto akikomaa. Baba akakataa, akasema hawezi kubeba kitu kipya kilichozibwa kama sufuria iliyotoboka. Hapo Mzee Nyakundi akamkemea, kwa sauti ya chini, mbele yetu.

"Unanunulia huzuni yako, hununulii mtoto. Haya, chukua. Lakini ikikataa, usimlaumu yeye. Nirudishie."

Tukarudi Roret na ile filimbi ya fedha. Nakwambia, mwanangu, sijawahi kuona mtoto akifanya bidii namna ile. Jioni baada ya kukamua, Chebet alikuwa akikaa kwenye kigoda na kujaribu. Kidole kimoja kikiziba tundu, kingine kinateleza na kuacha lingine wazi. Kidole kidogo hakikufika kabisa. Mkia mrefu uliivuta chini, na akiinyanyua midomo inahama. Ulichosikia ni upepo. Baba alikuwa akikaa karibu anasikiliza. Mwanzoni alimtia moyo. Baadaye akaanza kusema kwamba hajitahidi, kwamba kumbe ile ya plastiki ilikuwa mchezo tu.

Siku ya ibada kanisa lilijaa. Chebet akasimama na gauni lake la kijani. Sauti ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakatika. Baada ya hapo ikawa pumzi tupu, na watu wakaanza kutazama magoti yao. Mwalimu wa kwaya akauanza ule wimbo kwa mdomo ili kumsitiri, na kanisa likaitikia, lakini Chebet aliendelea kupuliza mpaka wimbo ukaisha.

Tulipofika nyumbani Baba aliichukua ile filimbi mkononi mwa Chebet.

"Kumbe huna pumzi," akamwambia.

Hayo tu. Hakumchapa, hakupaza sauti. Akaifungia filimbi ndani ya sanduku lenye nguo za Mama. Chebet hakugusa tena hata ile ya plastiki. Aliacha kuimba, kanisani na hata shambani tukichuma chai. Mtu akimwomba aimbe, alikuwa akijibu kwamba hana pumzi, kwa upole, kama mtu anayesema hana chumvi. Hakumaliza sekondari. Akaolewa upande wa Bomet, akawa mke mwema na mtu asiyesikika.

Mimi nikasomea ualimu. Miaka mingi baadaye shule yangu ikaniomba nianzishe kikundi cha muziki, nami nikaenda Kericho kutafuta filimbi za wanafunzi. Mzee Nyakundi alikuwa bado hai, mikono ikimtetemeka. Nilipomwambia nimetoka Roret akaweka bisibisi chini, akaniuliza kama mimi ni mtoto wa yule bwana wa kofia.

Akanieleza kitu nisichokijua. Baada ya ile ibada Baba alirudi dukani peke yake, na ile filimbi. Mzee akaipima, akakuta haina kasoro yoyote. Akamwambia wazi kwamba mtoto ana pumzi, yeye mwenyewe aliisikia, ila chombo kimezidi mikono yake. Aiache na achukue ile ya mkia mfupi, mambo yaishe, na akamweleze mtoto hivyo. Baba alikaa kwenye benchi kwa muda mrefu. Kisha akaondoka na filimbi yake ya fedha.

"Alimwambia?" Mzee Nyakundi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba hakumwambia.

Wakati huo Chebet alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa, ini limeharibika. Nilikwenda moja kwa moja kutoka Kericho. Nikamkuta amelala kwa ubavu, mikono yake sasa mikubwa kuliko mwili. Nikamwambia yote, nikidhani namletea dawa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alijua?" akauliza.

"Alijua."

Akageukia ukuta. Nilimshika bega, hakuliondoa wala hakunigeukia. Muuguzi alipokuja kubadilisha dripu, ndipo akasema, akiwa bado ametazama ukuta, "Usimwambie kwamba nimejua. Ni mzee." Alifariki kabla msimu ule wa mvua haujaisha.

Siku ya mazishi mume wake aliniomba nipige wimbo mmoja wa Mama. Nikaupiga kwa filimbi yangu ya kufundishia. Watu walipoanza kutawanyika, Baba akaja akasimama kando yangu.

"Chebet angepiga vizuri kukushinda," akasema.

"Ndiyo, Baba. Angepiga."

Akangoja. Nadhani alitaka nimuulize. Mimi nilikuwa nimeagizwa na dada yangu, nikafunga mdomo. Akavaa kofia akaenda kutafuta gari la kurudi. Hatukulizungumza jambo hilo mpaka naye akafa, na tulipofungua sanduku la Mama, filimbi ile haikuwamo. Sijui aliipeleka wapi.

Sasa nakujibu, mwanangu. Hiyo iliyo kwenye simu yako iache. Nyingine za bei ya kutupa hung'aa hivyo, lakini skrubu zake ni laini na fundi hawezi kuzikaza. Kwa anayeanza kama wewe, tafuta yenye vifuniko vilivyozibwa, mkia mfupi, hata kama imetumika, mradi fundi ameikagua. Mtoto mdogo zaidi atafutiwe yenye kichwa kilichopindwa, mikono ifike. Usinunue bila mtu anayejua kuipiga kuijaribu mbele yako. Sauti ya chini kabisa ikitoka kwa kupuliza polepole, pedi za ndani ya vifuniko zinaziba vizuri. Ukishapiga miaka kadhaa, na mwalimu wako akikubali, ndipo utafute yenye kichwa cha fedha na matundu wazi. Zile za mafundi wakubwa ni za watu ambao kupiga ndiyo kazi yao, na hao huzijaribu nyingi kabla ya kuchagua.

Na siku utakapomnunulia mtoto wako, mnunulie kwa kadiri ya mikono aliyo nayo siku hiyo. Akishindwa, kagua chombo kwanza. Ukigundua kosa lilikuwa lako, mwambie siku hiyo hiyo, maana mtoto hubeba neno la mzazi mpaka kaburini.

Mungu akupe mapafu yenye nguvu na vidole vyepesi. Akupe na watu wa kukuambia ukweli wakati wewe ungali mzima wa kuusikia. Kesho nitakwenda nawe Kericho.