Mashine Iliyoisoma CD ya Kaka Yangu

Tangu kaka yangu apigwe na kiharusi kule Magadi alikofanya kazi, mkono wake wa kulia ulilala tu pajani. Mazoezi ya hospitali aliyakataa. Aliomba kitu kimoja tu: ule mchezo wa mpira wa kwenye runinga tuliocheza tukiwa vijana. CD yake nilikuwa nayo bado, lakini mashine yetu ya kuuchezea ilikufa zamani.

Jumamosi moja nikaibeba CD hiyo, nikampeleka kwenye duka la michezo ya video hapa Kitengela. Muuzaji akatuonyesha mashine mpya, nyembamba.

"Hii haina mahali pa CD, madam. Lakini niko na ingine, inacheza hata zile za kitambo."

Akatoa moja nzito, iliyokwisha kutumika. Ikaimeza CD, ikanguruma, kisha ikaandika kwenye skrini kwamba haiwezi kuisoma.

Kaka akageuza uso. "Twende nyumbani."

Nilijua tukitoka hivyo hataomba kitu tena.

"Ngoja kidogo tu," nikamsihi.

Muuzaji akaifuta CD kwa shati lake, akairudisha. Mngurumo ukaanza, ukakatika, ukaanza tena. Nilishika kiti alichokalia kaka hadi vidole vikaniuma. Hatimaye uwanja wa kijani ukatokea.

Nikamwekea rimoti ya kuchezea mikononi. Kidole gumba cha kulia kikatetemeka, kikateleza, kisha kikabonyeza. Mchezaji wake akakimbia.

Tulifungwa mabao mengi.

"Tuchukue hii," akasema, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Na usizime kwanza."