Gwaride Kwenye Ua wa Mwenyekiti

Mwenyekiti wetu wa kijiji hakuwahi kuiba ng'ombe hata mmoja. Alilisema hilo mara nyingi mkutanoni, mkono kifuani, na lilikuwa kweli. Yeye alikuwa na bunduki tu. Ilimfikia baada ya vita vya Uganda, kwa njia ambayo hakuna aliyethubutu kuiuliza. Vijana waliotaka kwenda kuchukua ng'ombe ng'ambo ya mto waliiazima kwake jioni, wakairudisha kabla jua halijatoka, pamoja na ndama wa shukrani. Zizi lake likajaa. Na sisi tulikuwa kijiji cha ujamaa, huko upande wa Kemambo, nyumba zimepangwa kwa mistari, shamba la pamoja, duka la ushirika lisilo na sabuni, na huyo mwenyekiti akitufundisha kila wiki ubaya wa unyonyaji. Nikikumbuka tulivyokuwa tukimpigia makofi, damu inanichemka mpaka leo.

Hakuna asiyejua. Watoto walijua. Mama zetu walijua, ndiyo maana hawakupenda kwenda chemchemi mapema, kwa sababu njia ya kutoka mtoni kwenda kwa mwenyekiti ilipita palepale tunapochota maji.

Dada yangu alikwenda mapema. Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kuzungumza habari za ndoa yake, na alitaka maji yawe ndani kabla hakujakucha vizuri. Tukasikia mlio mmoja. Tata, ndivyo Wakurya tunavyomwita baba, akasema, "Tulieni, ni huko mbali." Haikuwa mbali. Mama ndiye aliyetoka kumtafuta. Alimkuta kando ya njia, na debe lake lilikuwa limesimama pembeni, limejaa, halijamwagika hata kidogo. Wageni wa posa walifika wakakuta kilio.

Kwenye matanga mwenyekiti alileta dume la kuchinja. Akasimama, akasema binti yetu ameuawa na wezi wa upande wa pili, maadui wa maendeleo, na kwamba kila mwananchi awe macho. Halafu watu wakala. Tata naye akala, tena akashukuru. Mama hakugusa, nami sikugusa. Nilikaa namtazama mwenyekiti akijichokoa meno kwa kijiti, nikajisemea moyoni kwamba nikimsalimia tena mtu huyu kwa heshima basi nimerogwa.

Dada ndiye aliyekuwa kamanda wa gwaride la vijana. Kila Jumamosi alasiri tulikusanyika uwanja wa shule, wavulana na wasichana tuliomaliza la saba, tukabeba bunduki za mbao alizotuchongea fundi wa kijiji na kuzipaka masizi zionekane za kweli. Zilitunzwa stoo ya shule, zikafungiwa kufuli. Tulizoea kuonyesha gwaride hilo kila alipokuja mgeni wa wilaya. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, katibu wa vijana aliniambia nishike nafasi ya dada, eti sauti zetu zinafanana. Masikini, alidhani ananifariji.

Nilipiga filimbi, wakajipanga. Kijana mmoja wa mstari wa mbele, jirani yetu kabisa, aliiacha bunduki yake ya mbao chini.

"Mura, okota silaha," nikamwambia. Mura ni kijana kwa Kikurya, na ndivyo tulivyoitana.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Tulikuwa tunairudisha ile nyingine," akasema. "Kulikuwa na giza bado. Aliinuka ghafla pale majini, nikadhani tumeviziwa."

Nilimzaba kofi. Nikamzaba jingine, na jingine, wala hakujikinga. Nilitaka kumuua. Nasema wazi, nilitaka kumuua, na kama kile kipande cha mbao kingekuwa na risasi ningefanya hivyo. Nilipochoka nikamuuliza bunduki iko wapi sasa.

"Ipo kwake. Tulimfikishia asubuhi ileile. Akatuambia tusiseme."

Asubuhi ileile! Kumbe wakati mama amepiga magoti njiani anapiga mayowe, mtu huyo alikuwa anapokea bunduki yake na kuifuta. Halafu akaenda zizini kuchagua dume la kututuliza.

Nikawatazama wenzangu. Wavulana walikuwa wamekodolea macho majani, maana zaidi ya nusu yao waliwahi kuibeba ile bunduki. Wasichana nao waliinamisha vichwa. Hao ng'ombe walipoingia kijijini, nani alikuwa akiwapigia vigelegele wabebaji? Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na amri tu za gwaride, basi nikazitumia.

"Gwaride, mguu sawa! Silaha begani! Kushoto geuka! Mbele tembea!"

Kushoto kulikuwa na njia ya kutoka uwanjani. Katibu wa vijana alikimbia pembeni yetu akiuliza tunakwenda wapi, kisha akaachwa nyuma. Yule jirani alikuja nasi, mikono mitupu.

Siku hizo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuona vijana wakiandamana kudai kitu. Matembezi tuliyoyajua yalikuwa ya kuunga mkono, ya kupongeza, ya kupokea wageni. Kwa hiyo tulipopita katikati ya mistari ya nyumba, watu walitoka nje wakatupigia makofi. Mama mmoja aliacha kusaga wimbi, akatukimbilia.

"Mgeni nani leo?"

"Hakuna mgeni, mama," nikamjibu. "Tunakwenda kudai bunduki."

Makofi yakakatika hapohapo. Wengine waliingia ndani wakafunga milango.

Mwenyekiti alikuwa uani kwake, anakula mahindi ya kuchoma. Alipotuona tunaingia kwa mistari alilitupa gunzi, akafunga kifungo cha shati, akasimama wima na kuinua mkono kupokea saluti. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Silaha chini!" nikaamuru. Zikawekwa mbele ya miguu yake, safu nzima. Mbili zilivunjika mitutu, kwa sababu wenyewe walizibwaga kwa nguvu.

"Mwenyekiti," nikasema, bila shikamoo, "sisi tumeleta zetu. Na wewe toa yako."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Aliushusha polepole. "Nani amekutuma?"

"Iliyomuua dada ipo ndani kwako. Itoe."

"Binti," akasema, sasa kwa upole, "mambo ya ukoo hayatoki nje ya ukoo. Nenda kamsaidie mama yako."

Hatukuondoka. Tulisimama pale mpaka mgambo wakaja na fimbo, wakatufukuza kama tunavyofukuza ngedere shambani.

Kesho yake likaitishwa ritongo, baraza la wazee, mbele ya kijiji kizima. Ajenda ilikuwa bunduki. Za mbao! Tulishtakiwa kwa kuharibu mali ya umma na kumkosea adabu kiongozi. Wazee waliokuwa wakisikia mlio ule mwingine alfajiri na kugeukia ukutani, siku hiyo walipata sauti. Walisema vijana wa leo hawana nidhamu. Ya dada hayakutajwa hata mara moja. Tulichapwa mmoja mmoja, nikianza mimi, na Tata alikaa safu ya mbele mikono kwenye fimbo yake, hakufumbua mdomo. Viboko vilipona. Kile kimya chake ndicho ambacho sijakisamehe.

Yule jirani alikwenda mjini kwa miguu, akajisalimisha. Alisema alichofanya na alisema bunduki ilipo. Yeye akafungwa. Kuhusu bunduki, walikuja askari wawili, mwenyekiti akawakaribisha chai na nyama ya mbuzi, wakaondoka wakimshukuru.

Lakini tulikuwa tumeshaapa, sisi wa gwaride. Hakuna kijana wetu atakayeiazima tena, na hakuna msichana wetu atakayeolewa kwa ng'ombe walioletwa nayo. Mzee yule alikuwa na kitambi na magoti mabovu, asingeweza kuvuka mto mwenyewe. Bila mikono yetu alikuwa na chuma tu darini. Miezi ikapita bila mlio. Nikaanza kujidanganya kwamba tumeshinda.

Kumbe aliwaazima wengine, vijana wa kijiji cha juu yetu, kwa shukrani ileile. Baada ya mavuno tukasikia kwamba ng'ambo ya mto, kwa watu tuliofundishwa tangu kunyonya kwamba ni adui zetu, ameuawa mama akiwa anakamua.

Siku ya tatu wakaja. Tuliwaona wakipanda kutoka mtoni mchana, vijana tu, wavulana na wasichana, hawana hata fimbo za kuchungia. Wanaume wetu walikimbilia mapanga na mishale. Wao wakaendelea kuja kwa mistari, kimya, wakasimama nyumba ya kwanza, ambayo ilikuwa yetu. Aliyewaongoza alikuwa msichana wa rika langu, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Shikamoo baba," akamwambia Tata.

Tata hakuitikia. Alishika panga lake vizuri zaidi. Msichana akanigeukia mimi.

"Aliyekufa ni mama yangu," akasema. "Tumesikia bunduki inatoka hapa. Ni nyumba ipi?"

Tata aliongea bila kunitazama. "Ukiwaonyesha, wewe si mtoto wangu. Unawapa watu wa nje ukoo wako."

Nilimwangalia yule msichana, macho yake yamevimba, miguu imejaa matope ya mtoni. Huyo ndiye mtu wa nje? Na yule aliyetuletea dume la matanga ndiye ndugu?

"Ile yenye bati," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Bunduki iko darini. Njooni niwapeleke."

Nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia vijana wetu wakitoka majumbani, wakijiunga nao mmoja mmoja, na wenye mapanga wakashindwa kupiga kwa sababu wangewakata watoto wao. Bunduki ilishushwa darini mbele ya macho ya vijiji viwili, na safari hii askari walipofika hawakuweza kunywa chai.

Jioni ile nilikuta nguo zangu zimetupwa nje. Nikaenda kuishi kwa shangazi, kijiji cha Nkende. Tata hakunisemesha tena mpaka anakufa, na mimi sikumwomba msamaha.