Mkalimani Aliyetafsiri Mnong'ono

Tangu mama yao afariki, karani wa masjala ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya mdogo wake. Mdogo mwenyewe alizaliwa kiziwi, na sasa alikuwa fundi makochi ambaye wateja walimsubiri hata mwezi mzima. Lakini kwa mwenye nyumba, kwa daktari wa meno, kwenye foleni ya vitambulisho, dada ndiye aliyezungumza, kisha akamgeukia kwa zile alama zao za nyumbani, zisizozidi thelathini: kula, kuumwa, vizuri, twende, baadaye. Hiyo ya baadaye ndiyo aliyoitumia kuliko zote.

Basi siku walipoitwa kliniki ya macho wakamkuta mwanamume mwembamba, shati jeusi tii, ameketi kando ya daktari, dada alimtilia shaka papo hapo.

"Huyu nani?"

"Mkalimani wa lugha ya alama," daktari akajibu. "Siku hizi tunaye."

"Miaka yote tumekuja bila yeye. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, daktari, si jirani."

Mikono ya mkalimani ilikuwa hewani tayari. Fundi akacheka kwa mabega. Wameanza kunisengenya, dada akajisemea.

Daktari akaeleza kwamba presha ya jicho la kulia imepanda na dawa ya matone imeshindwa kuishusha. Sentensi moja tu, lakini mikono ya yule bwana ikaenda, ikarudi, ikazunguka, mpaka dada akaona habari inatiwa chumvi mchana kweupe. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mdogo wake alikuwa akijibu upesi upesi, kwa alama ambazo yeye hakuwahi kuziona. Kazitoa wapi? Akawakumbuka wale viziwi wenzake wanaokuja karakana kila Jumamosi. Siku zote aliamini wanacheza karata.

"Upasuaji unaweza kuliokoa jicho," daktari akaendelea, "ila wapo wachache ambao hupoteza uwezo wa kuona kwa jicho lililopasuliwa. Lazima ajue hilo kabla ya kuweka sahihi."

Roho ya dada ikaruka. Kiziwi anayeogopa upofu atakubali kisu? Akainama kuelekea kwa daktari, akaziba mdomo kwa faili, kama walivyozoea masjala wanapoficha jambo, akanong'ona: "Hiyo ya kupofuka tuiache. Atakataa. Mwambie anasafishwa jicho tu, mimi nitamweleza baadaye."

Alipoinua macho, ile mikono ilikuwa inamalizia sentensi.

"We kaka! Unamwambia nini?"

"Ulichosema, dada."

"Sikuwa nasema na wewe!"

"Najua. Kinachosemwa humu ndani mbele yake, nampa. Ukitaka asikipate, kasemee nje."

"Na mlango wa kutokea ndio ule," daktari akaongeza, bila kutabasamu.

Fundi hakuwa anacheka tena. Alimkazia dada macho, kisha akaanza kuashiria taratibu, na mkalimani akatoa sauti: "Mangapi mengine uliniambia baadaye? Mwenye nyumba alipotuhamisha, alisema nini hasa? Mama alipokuwa wodini, je? Mlinirudisha nyumbani, mkaniambia vizuri. Vizuri ipi?"

Dada akaikumbuka wodi. Mama alikuwa amemwita kijana wake kwa jina mara tatu siku ile ya mwisho. Dada ndiye aliyeamua kwamba kijana asisumbuliwe. Tuliite jambo kwa jina lake: alikuwa mwizi wa maneno ya mtu, na kwamba aliiba kwa mapenzi hakumrudishii mwenye mali kitu.

Fundi akamuuliza daktari maswali tisa. Mwisho akaweka sahihi mwenyewe, akaashiria jambo moja zaidi. "Siku ya upasuaji," mkalimani akatafsiri, naye sauti ikampungua, "dada asiingie."

Kwenye korido dada akamwahi mkalimani. "Hiyo kazi inasomewa wapi?"

Yule bwana akampima juu mpaka chini. "Kwa nini? Ili urudi kumsemea?"

"Sijui kama ataniamini tena."

"Na mimi sikuamini," akasema. Hata hivyo akamwandikia anwani.

Dada hakuacha kazi, alisoma jioni. Mwalimu wake alikuwa mwanamke kiziwi aliyemkataza kufungua mdomo darasani. Kila alipofupisha habari, mwalimu aliisimamisha mikono yake kwa kumgonga kidole na kumrudisha mwanzo. Ilimchukua majuma saba kueleza kwa alama, bila kuruka kitu, yale ya wodini. Alimweleza mdogo wake karakanani, amesimama katikati ya sponji na misumari. Fundi alitazama mpaka mwisho, akageuka, akaendelea kupigilia.

Upasuaji ulikuwa umekwenda salama. Kliniki iliyofuata fundi alimruhusu aingie, kwa sharti: yule wa shati jeusi awepo pia. Akamwekea dada kiti mkabala naye, mahali ambapo angeweza kuuona mdomo wake na mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja, na muda wote jicho lile lililopona halikumbanduka.