Mwalimu Breki na Kiti cha Kushoto

Saa moja kasorobo asubuhi, kinyozi anazima gari kwa mara ya tatu katikati ya mzunguko, na nyuma yake lori la mchanga linapiga honi bila huruma.

"Klachi," anasema mtu aliyekaa kiti cha kushoto, wala hapandishi sauti. "Klachi, ndugu yangu. Mguu wa kushoto. Kushoto ni huku niliko mimi."

Kinyozi jasho linamtiririka. Mikono yake anaijua vizuri, imemlisha miaka mingi, lakini miguu hajawahi kuipa kazi zaidi ya kusimama. Gari linaruka, linakohoa, linaondoka. Kabla halijafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mwalimu ameshakanyaga breki. Gari la chuo cha udereva lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na katika gari hili ya mwalimu ndiyo iliyochakaa.

"Mwalimu, yule mama nilikuwa nimeshamwona!"

"Wewe ulimwona. Yeye hakujua kama umemwona."

Kinyozi anameza mate, halafu anauliza jambo ambalo, kwa macho yake tu, unajua ndilo lililomtoa kitandani mapema hivi. "Na lile gari lako jekundu, vipi? Mama watoto wako ameniambia linauzwa."

"Mimi sijasema linauzwa."

"Mimi pesa ninayo, Mwalimu. Leseni ndiyo sina."

"Kata kulia," anajibu mwalimu, na mguu wake wa kulia unakanyaga tena, safari hii bila sababu yoyote.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki. Ana umri wa miaka arobaini na saba, na kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili, yote akiwa amekaa upande wa abiria. Jina hilo hata nyumbani wamelipokea kwa shangwe, maana mguu wake hauna likizo. Akikaa kwenye kochi kutazama mpira, mguu unakanyaga. Kwenye harusi ya mpwa wake, bibi harusi alipoanza kushuka ngazi kwa kasi na lile gauni lake refu, mjomba mtu alikanyaga hadi kiti cha mbele yake kikasogea na mzee aliyekikalia.

"Ukilala naye lazima uvae soksi nene," anasema mke wake, ambaye hushona sare za shule sebuleni kwao. "Mimi miguu yangu imepigwa breki miaka ishirini."

Gari jekundu lenyewe limeegeshwa uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Ni gari la spoti la Kijapani, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko walimu wengi wa chuo kile. Limelala chini kama paka anayenyemelea. Taa zake za mbele zimejificha ndani ya boneti, na ukibonyeza swichi zinainuka. Ya kushoto inainuka mara moja. Ya kulia inafika nusu, inatafakari, ndipo inamalizia.

Mwalimu alilinunua miezi saba iliyopita, kwa pesa ambayo ingeezeka vyumba viwili vya nyuma. Vyumba hivyo hadi leo vina kuta na anga. Hakumshauri mtu. Aliliona kwenye uwanja wa kuuzia magari, akaenda zake, akarudi, akaenda tena, na mara ya tatu alirudi nyumbani akiwa ndani yake.

"Nilisikia muungurumo langoni nikajua ni watoto wahuni," anasema mkewe. "Natoka na ufagio, namkuta baba watoto!"

Ufagio, kwa taarifa yenu, ulitumika.

Sababu ya kulinunua ni dada yake. Huyo wamezoea kumwita Dada Mkubwa, na sasa ana miaka sitini. Zamani, mwalimu akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, dada huyo alikuwa muuzaji wa dawa, akizungukia zahanati na maduka ya dawa, na alikuwa na gari kama hili hili, rangi hii hii. Kila Jumapili mchana walipanda wawili, yeye kwenye usukani na mdogo wake pembeni, wakafuata barabara ya bwawa la maji, kona zote tatu, hadi geti la mitambo ya maji, kisha wakageuza.

"Sijawahi kuwa na raha kama ile," anasema Mwalimu Breki. "Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimetulia. Nimekaa tu, mtu ananipeleka, na sina wasiwasi wowote. Unaelewa? Sina wasiwasi!"

Hiyo ndiyo aliyotaka kuinunua. Na hakuipata.

Siku ya kwanza aliliendesha hadi bwawani, akarudi, akazima injini, akabaki ameshika usukani kama mtu aliyekosea nyumba. Haikuwa yenyewe. Akadhani ni matairi, akabadilisha. Akadhani ni eksozi. Akadhani ni vitambaa vya viti, akamwomba mkewe avishone upya kwa mistari ya kijivu kama ya zamani, na mkewe alivishona, huku akimpa maneno kwa kila mshono. Akahangaika wiki mbili kutafuta redio ya kaseti. Bado.

Kisha akakumbuka harufu. Gari la dada lilikuwa likinuka dawa ya kikohozi, kwa sababu chupa iliwahi kupasukia ndani. Basi mtu mzima, mwenye akili zake na wajukuu njiani, akaenda duka la dawa, akanunua chupa mbili, akazimimina kwenye zulia la gari.

"Sisimizi!" mkewe anapiga makofi akikumbuka. "Walikuja ukoo mzima. Wiki nzima nafagia gari badala ya nyumba. Nikamwambia, baba watoto, nilidhani hili dude litakutuliza. Limekutibua. Usingizi huna, chakula unakidonoa, kutwa kulizunguka. Mwisho wa mwezi ukifika hujatulia, kinyozi analichukua, na mimi naezeka."

Mwalimu alikubali.

Kilichokosekana alikigundua kwenye gereji, wiki hiyo hiyo. Kulikuwa na mlio kwenye gia ya tatu, na fundi akataka kuusikia mwenyewe, hivyo akashika usukani na mwenye gari akazunguka akakaa kushoto. Wakatoka barabarani. Fundi akaingiza gia ya tatu, akabonyeza taa, ya kulia ikasita nusu njia.

"Nikashika dashibodi kwa mikono miwili," anasimulia. "Fundi akaniuliza, vipi, unaumwa? Nikamwambia endesha tu, ndiyo hii. Ndiyo hii! Mimi ile raha niliipatia kushoto, bwana. Kumbe miezi yote nakaa kiti kisicho changu."

Lakini fundi hakuwa dada. Mwalimu alishuka pale gereji akijua kwamba kimebaki kitu kimoja, na kwamba hicho hakiuzwi dukani.

Dada Mkubwa hakuwa ameshika usukani kwa miaka thelathini na minne. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, aliona gari la milango miwili halimfai mke wa mtu. Aliliuza dada akiwa hospitali, siku aliyojifungua mtoto wao wa kwanza. "Nilirudi na mtoto mkononi," anasema, na sauti yake haitetemeki. "Pale lilipokuwa likikaa pamebaki doa la oili. Hakuniambia. Alisema nitafanya nini na gari, si yupo yeye? Na kweli alikuwepo. Alinipeleka kila mahali alikotaka."

Mdogo wake alipokwenda kumbembeleza aliendeshe hili jipya, alimkatalia hata kabla hajamaliza chai. Mimi na magari tuliachana, alisema. Alipokwenda mara ya pili akamwambia akatafute mtu wa rika lake wa kucheza naye.

Aliyemleta ni mke wa mwalimu, na wala hakumleta kwa nia hiyo. Alimpigia simu wifi yake aje amseme huyu ndugu yake, amwambie aachane na lile gari kabla halijamtia wazimu. Dada akaja, kavaa kabisa uso wa kusema mtu. Akapita uani, akaliona. Alikuwa hajawahi kuliona. Akalizunguka polepole, akafungua mlango wa dereva, akakaa. Kisha bila kuangalia akapeleka mkono chini ya kiti, akakivuta mbele, mara mbili, kama mtu anayefungua kabati la jikoni kwake.

"Hakunisema tena," anasema Mwalimu Breki. "Aliniuliza, chuo chenu kinafunguliwa saa ngapi?"

Wiki iliyofuata alijiandikisha kama mwanafunzi, akabandikiwa kibao cha mwanafunzi mgongoni mwa gari la chuo kama vijana wengine. Sharti lake lilikuwa moja tu: afundishwe na mwalimu mwingine yeyote. "Siwezi kufundishwa na mtu niliyemfuta kamasi," alisema mbele ya ofisi nzima. Mdogo wake akawa anachungulia mazoezi kupitia dirisha la ofisi, akikanyaga sakafu. Jumatano alifanya mtihani. Alifaulu.

Na leo ni Jumapili, siku ya mwisho ya mwezi. Kinyozi ameshapiga simu mara mbili. Mke wa mwalimu ameshaongea na muuza mabati. Tuko barabara ya bwawa, Dada Mkubwa kwenye usukani, mdogo wake kushoto, na mwandishi wa makala haya nyuma, kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kiumbe asiye na magoti.

Anaendesha vizuri. Kidogo kidogo mabega yake yanashuka. Anaingiza gia ya tatu, na ule mlio ambao fundi alishindwa kuuondoa unaimba chini yetu.

"Ndiyo hii!" Mwalimu anageuka kunitazama, macho yamelowa. "Umesikia? Ndiyo hii! Dada, unakumbuka tulivyokuwa tunaimba?"

"Wewe ulikuwa unaimba."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nasubiri ulale."

Mwalimu anacheka. Dada hacheki. Kona ya kwanza inakuja na mguu wa kulia wa Mwalimu unakanyaga zulia kwa nguvu.

"Toa mguu wako hapo," dada anasema. "Hapo hapana breki."

"Umeingia kwa kasi, Dada."

"Nani anaendesha?"

Tunapita kona. Kisha dada anazungumza, macho yako barabarani. "Unajua kwa nini ulikuwa ukipanda na mimi? Mama ndiye aliyekuweka. Aliogopa nikienda peke yangu nitakwenda kwa mtu. Kila Jumapili, mchukue mdogo wako. Siku za kazi gari limejaa maboksi ya dawa na njia aliyonipangia bosi. Jumapili limejaa wewe. Nilikuwa nalipenda lile gari, we acha tu. Na sikuwahi kuliendesha peke yangu, niende ninakotaka, hata siku moja. Nikajiambia, nikishajifungua salama, siku hiyo nitakwenda." Anabadilisha gia. "Nikakuta doa la oili."

Mwalimu Breki ameiweka mikono mapajani kama mwanafunzi aliyekosea mbele ya mtahini, na nashuhudia mtu akipokonywa Jumapili zake zote za utotoni, moja moja, na mtu anayempenda.

Tunafika geti la mitambo. Zamani ndipo walipokuwa wakigeuza. Dada anasimamisha gari, injini inaunguruma.

"Shuka."

"Dada?"

"Shuka, mdogo wangu. Na huyo mgeni wako naye ashuke."

Kutoka kiti cha nyuma cha gari la milango miwili si jambo la heshima, kwa hiyo sitalieleza. Nikiwa nimesimama, mwalimu bado ameshika mlango. Naona anataka kusema kitu. Kona zilizo mbele, pengine, au breki, au leseni ya siku nne. Anaufunga mlango, taratibu, hadi unabana.

Taa zinainuka mchana kweupe. Ya kulia inasita, halafu inamalizia. Gari jekundu linapita geti, linafuata barabara ambayo hawakuwahi kuifikia, na baada ya muda tunasikia mlio tu.

Simu ya mwalimu inaita. Ni mkewe, na sauti yake haihitaji spika. "Vipi, limekutuliza? Kinyozi yuko hapa, amekuja na pesa na shemeji yake!"

"Mwambie arudi nayo."

"Kwa hiyo umetulia?"

"Sijatulia. Roho iko juu." Anapangusa uso kwa kiganja. "Ufunguo ni wa Dada kuanzia leo. Mama watoto, mabati nitayatafuta kwa njia nyingine, nitafundisha na jioni, nitafundisha hata kinyozi wako bure. Lakini gari ni la Dada."

Mkewe anasema, polepole, "Yuko peke yake humo?"

"Peke yake."

"Haya," anasema, na sauti imembadilika. "Haya, basi mwache."

Tunakaa kwenye ukingo wa saruji kando ya geti. Namuuliza sasa anataka nini. Anafikiri, akichezea kijiwe.

"Arudi tu salama. Jumapili azichukue zote, ni zake. Mimi nangoja tu siku atakayoniita mwenyewe, bila kutumwa na Mama."

Mbali, nyuma ya kilima, mlio wa gia ya tatu unapanda, unashuka, dereva anapunguza, anaingia kona. Mwalimu ananyoosha shingo kusikiliza. Mguu wake wa kulia umekandamiza kokoto hadi zimezama kwenye udongo, na hauachii mpaka mlio unapopanda tena upande wa pili.